Dawa Imekwishaje? Kazi ya Ndani ya Zahanati za Visiwa vya Lamu

Mgonjwa akiambiwa dirishani kwamba dawa imekwisha, la kwanza kumjia ni kwamba imeibwa. Aliona mwenyewe maboksi yakishushwa gatini wiki chache zilizopita, yakapakiwa punda hadi mlangoni mwa zahanati, na leo anapewa karatasi akanunue duka la dawa. Wizi wa dawa ni jinai, na ukibainika ufikishwe mahakamani. Lakini stoo inaweza kukauka pasipo kidonge kimoja kupita mlango wa nyuma. Inaweza kukauka kwa sababu mistari michache ya rejista haikuandikwa robo mwaka iliyopita. Ukiwa umekaa kwenye benchi la nje, hili ni gumu kuliona: zahanatini, kalamu na jokofu huamua mengi kabla muuguzi hajamgusa mgonjwa wa kwanza, na sehemu kubwa ya muda anaongoja mgonjwa inatumika huko.

Kenya hupanga huduma za afya katika ngazi 6. Ya 1 ni jamii yenyewe, pamoja na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Ya 2 ni zahanati, na ndiyo wanayoikimbilia kwanza watu wa Siyu, Matondoni au Ndau. Juu yake kuna vituo vya afya, kisha hospitali kama za Faza na Mpeketoni, na hospitali ya King Fahd mjini Lamu hupokea rufaa za kaunti nzima. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, wafanyakazi wa ngazi hizi na bajeti yao viko mikononi mwa kaunti. Kwa kawaida zahanati haina daktari mwenye shahada, ingawa kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Kuna muuguzi mmoja au wawili, pengine afisa wa kliniki, mtu wa maabara pale alipopatikana, mhudumu wa usafi na mlinzi. Muuguzi aliyezalisha usiku ndiye anayechanja asubuhi, ndiye anayehesabu vidonge, ndiye anayeandika ripoti, na ndiye anayepanda boti na mgonjwa mahututi. Akishika moja, jingine limesimama.

Hesabu ya dawa

Zahanati haiendi dukani kila dawa inapopungua. Huagiza kwa mzunguko, kwa kawaida mara moja kila miezi 3, na sehemu kubwa ya dawa hutoka KEMSA, mamlaka ya serikali inayonunua na kusambaza dawa na vifaa vya tiba. Muuguzi hujaza oda, mfamasia wa kaunti ndogo huikagua na kuilinganisha na bajeti, kaunti hulipa, kisha mzigo husafiri kwa lori hadi gati ya Mokowe, upande wa bara, na kuvushwa kwa chombo. Kila hatua hapo ina pa kukwamia, na kaunti ikiwa na deni oda hungoja. Kwa hiyo kosa la siku moja kwenye karatasi huishi miezi.

Kiini cha oda ni namba moja tu, wastani wa matumizi ya mwezi. Tuseme zahanati ilitoa vidonge 2,100 vya dawa ya shinikizo la damu katika siku 90. Mwenye haraka atagawa kwa 3, apate 700 kwa mwezi, aagize 2,100 vingine. Lakini tuseme dawa hiyo haikuwepo kabisa kwa siku 20 kati ya hizo 90. Basi vidonge 2,100 viliisha katika siku 70, yaani 30 kwa siku, na haja ya kweli ya mwezi ni 900. Aliyeagiza 2,100 amepungukiwa na vidonge 600, na ukigawa 600 kwa 30 unapata siku 20. Ukame ule ule umejirudia robo inayofuata, kwa urefu ule ule, bila mtu yeyote kukosea kwa makusudi. Usiporekebishwa utajirudia tena, na wagonjwa wataendelea kuamini kuna mwizi.

Dawa ya kukata mzunguko huo ni kuandika kwenye kadi ya stoo tarehe dawa ilipokwisha na tarehe iliporudi. Ni mistari miwili. Kadi hiyo hukaa rafuni kando ya dawa yenyewe: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, sahihi. Mwisho wa mwezi vidonge huhesabiwa kwa mkono na hesabu hulinganishwa na kadi. Zikipishana, sababu hutafutwa siku hiyo hiyo, kwani baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka kopo lililomwagika au boksi lililokopeshwa zahanati ya jirani.

Kuna shimo jingine, nalo nadhani ndilo baya zaidi. Rejista huonyesha kilichotolewa. Mgonjwa aliyekuja, akakosa dawa, akarudi nyumbani, haonekani popote isipokuwa muuguzi amwandike kwamba alihitaji na hakupata. Siku yenye wagonjwa wengi, huyo ndiye anayerukwa kwanza. Kwa macho ya anayesoma takwimu kule juu, kijiji hicho kina shinikizo la damu kidogo kuliko kilivyo nalo.

Dawa ya malaria, artemetha-lumefantrini, ina mtego wake. Huja katika pakiti za uzito: ya vidonge 6 kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, ya 12 kwa kilo 15 hadi chini ya 25, ya 18 kwa kilo 25 hadi chini ya 35, na ya 24 kwa kilo 35 na kuendelea. Zote ni dozi 6 kwa siku 3: ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, zilizobaki asubuhi na jioni, na humezwa na chakula chenye mafuta kidogo ili mwili uinyonye vizuri. Pakiti ya watoto wadogo ikiisha, muuguzi hukata ya 24 mara nne ili mtoto asikose tiba, na amefanya sawa. Kosa huja jioni. Kadi inasema imetoka pakiti moja ya watu wazima, ilhali waliotibiwa ni watoto 4. Oda ijayo italeta pakiti tele za wakubwa na chache za wadogo, mkasi utashikwa tena, na mwisho hata mtu mzima atakosa ya kwake. Pakiti iliyokatwa lazima iandikwe kwa kilichofanyika: watoto 4, vidonge 6 kila mmoja.

Wagonjwa nao wanachangia. Mama anayemwandikisha mtoto asiyeugua apate sharubati ya akiba ya nyumbani ameondoa chupa moja stooni na ameongeza ugonjwa mmoja usiokuwepo kwenye takwimu. Anayechukua dawa ile ile ya mwezi kwenye zahanati mbili ameharibu wastani wa zote mbili. Hofu yao inaeleweka, kwa sababu dawa huisha kweli. Lakini akiba ya kabatini, kwenye nyumba yenye joto na unyevu wa pwani, huharibika kabla ya kutumika.

Joto lenyewe ni adui wa kila siku. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na chumba chenye paa la mabati lisilo na dari hupita hapo kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana stoo nzuri ina dari, madirisha ya kupitisha upepo, maboksi yaliyoinuliwa sakafuni kwa mbao na kuachwa mbali kidogo na ukuta. Na kinachotangulia kutoka ni kinachokaribia kuisha muda, hata kama kiliingia jana. Mpangaji mvivu huweka mzigo mpya mbele kwa sababu ni rahisi, na baada ya mwaka anachoma dawa zilizozeeka nyuma ya rafu.

Mgonjwa mmoja, vitabu vinne

Mtoto mwenye homa anapopita zahanatini huandikwa si chini ya mara nne. Kuna rejista ya wagonjwa wa nje, nayo imegawanywa: MOH 204A ya walio chini ya miaka 5 na 204B ya waliozidi. Kuna rejista ya maabara, kuna ya dawa, na kuna karatasi ya kujumlisha magonjwa ya siku, MOH 705, nayo ya watoto na ya wakubwa. Mjamzito ana rejista yake, uzazi yake, chanjo yake. Mwisho wa mwezi zote hujumlishwa, na ripoti zinapaswa kufika kaunti ndogo ifikapo tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Huko huingizwa kwenye mfumo wa taifa wa taarifa za afya kabla ya tarehe 15.

Hesabu hiyo inafanywa na mikono ile ile inayotibu. Basi kama una jambo lisilo la dharura, mfano kuja kuulizia uzazi wa mpango au kubadilishiwa kadi, tarehe 1 hadi 5 si siku nzuri. Katikati ya mwezi, alasiri, utapata muuguzi mwenye nafasi ya kukusikiliza. Asubuhi ya siku ya kliniki ya watoto usiitarajie nafasi hiyo.

Jokofu

Kazi ya kwanza ya asubuhi, kabla ya mlango kufunguliwa, ni kusoma kipimajoto cha jokofu la chanjo. Husomwa tena jioni. Husomwa Jumapili, na husomwa sikukuu ya Idi. Kiwango ni nyuzi 2 hadi 8, na kila usomaji huandikwa kwenye chati iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu. Mahali pasipo na umeme wa kutegemewa hutumika jokofu la sola linalochukua nguvu moja kwa moja kutoka kwenye paneli, na kuta zake zina barafu ya kulinda ubaridi usiku kucha. Chumvi ya bahari na vumbi hutanda juu ya paneli, zisipopanguswa nguvu hupungua. Maji ya kunywa hayawekwi humo, wala samaki, kwa sababu kila mlango unapofunguliwa joto la nje huingia.

Watu huogopa joto, lakini baridi kali huharibu kimya kimya. Chanjo ya pentavalenti (ya magonjwa matano kwa pamoja), ya nimonia, ya pepopunda na ya HPV (ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi) zikiganda zimekufa, na zikiyeyuka zinaweza kuonekana kama nzima. Muuguzi anayeshuku hufanya jaribio la kutikisa: huchukua kichupa kimoja cha aina hiyo na toleo hilo hilo, hukigandisha makusudi, hukiyeyusha, kisha hukitikisa pamoja na kile anachokishuku na kuviweka mezani. Kama mashapo ya kinachoshukiwa yanatuama kwa kasi sawa na ya kile kilichogandishwa, au kwa kasi zaidi, mzigo huo hautumiki. Ndiyo maana pia mifuko ya barafu ya safari haipakiwi ikitoka tu kwenye friza. Huachwa mezani mpaka ukiitikisa unasikia maji yakicheza ndani, ndipo huingia kwenye kibebeo pamoja na chanjo za kupeleka vitongoji vya mbali. Kuruka hatua hiyo ili kuwahi maji kunaweza kugharimu kibebeo kizima.

Dhidi ya joto kuna alama juu ya kichupa: mraba ndani ya duara. Kichupa kikiwa kizima, mraba ni mweupe kuliko duara. Ukikolea mpaka ukalingana na duara au kulizidi, kichupa hutupwa. Mzazi ana haki ya kuomba aonyeshwe, na muuguzi mwema atamwonyesha.

Hapa ndipo lilipo jibu la mama aliyeleta mtoto wa kuchanjwa akaambiwa aje Alhamisi. Kichupa cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, hutosha watoto 20 hivi, cha surua na rubela 10. Vikishachanganywa na maji yake havikai zaidi ya saa 6, kisha hutupwa hata kama kimetumika kwa mtoto mmoja. Kwa hiyo vituo vingi hukusanya watoto siku maalumu. Ni busara, lakini ina mpaka. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na mtoto aliyevushwa kutoka kisiwa kingine hapaswi kurudishwa bila chanjo ya surua kwa kuhofia dozi 9 zitakazomwagwa. Dozi zilizotupwa hujazwa kwenye fomu na oda hurekebishwa. Mtoto asiyechanjwa huenda asirudi.

Kwa nini aliyechelewa ameingia kwanza

Foleni ya zahanati haifuati saa ya kufika peke yake, na hapo ndipo maneno huanza. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na hazinduki vizuri, hupita moja kwa moja. Mwingine anaweza kuonekana hana neno kwa mtu wa kando, mpaka pumzi zake zihesabiwe. Huhesabiwa kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, nguo imepandishwa kifua kionekane. Chini ya miezi 2, pumzi 60 na zaidi ni za haraka mno. Miezi 2 hadi 12, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Anayehesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili hukosea, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpigo ulio sawa.

Mtu mzima wa shinikizo hukalishwa dakika 5 kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, mkono umewekwa usawa wa moyo. Aliyetembea juani akapimwa hapo hapo atapata namba ya kumtisha bure, na pengine atapewa dawa asiyoihitaji. Dakika hizo 5 huonekana kama kucheleweshwa.

Kisha maabara. Kipimo cha haraka cha malaria hutaka tone dogo la damu, matone ya kimiminika kwa idadi iliyoandikwa kwenye boksi, na dakika 15 hadi 20 kulingana na aina. Kikisomwa mapema, mstari hafifu haujajitokeza; kikiachwa saa nzima, mstari wa uongo huweza kutokea. Aina nyingi hutafuta protini ya vimelea ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo mama anayerudi wiki ya pili na mtoto mwenye mafua, kipimo kikaonyesha malaria, hajadanganywa na dawa ya kwanza. Anahitaji slaidi. Nayo hutaka tone nene likauke bila moto, jambo linalochukua muda mrefu zaidi miezi ya mvua hewa ikiwa nzito, kisha rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10, kuoshwa, kukaushwa tena, na kutazamwa kwa darubini sehemu 100 kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Anayeomba jibu la slaidi kwa dakika 10 anaomba kukisiwa. Na kipimo kikisema hakuna malaria, kulazimisha dawa ya malaria kunaficha ugonjwa uliopo, ambao unaweza kuwa nimonia.

Mwezi wa Ramadhani unastahili neno lake. Mwenye sukari au shinikizo anayekusudia kufunga na aje wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dawa ya shinikizo ya mara moja kwa siku aghlabu huweza kuhamishiwa futari au daku. Ya sukari haihamishwi kwa kukisia, hasa insulini, maana sukari ikishuka mno adhuhuri mtu huanguka.

Usafi na ada, kwa ufupi. Meza na vifaa vilivyogusa damu huingia kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Ukiwa na jiki ya asilimia 3.5, hiyo ni sehemu 1 ya jiki kwa 6 za maji, na huchanganywa upya kila siku kwa sababu joto na mwanga huiua. Kisha vifaa huoshwa kwa sabuni na brashi, hufungwa na kuchemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 30, zikihesabiwa kuanzia joto lifike hapo. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya mtambo na kula chuma chake, kwa hiyo maji ya mvua ya jabia au ya tangi hutengwa kwa kazi hiyo. Sindano haifunikwi tena baada ya kutumika. Huingia kwenye boksi lake, na boksi likijaa robo tatu hufungwa likachomwe.

Kuhusu fedha, zahanati na vituo vya afya vya serikali viliondolewa ada mwezi Juni 2013. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali. Zahanatini huduma hulipwa na mfuko wa afya ya msingi, na mgonjwa anatakiwa awe amejisajili tu, hata kama hajachangia. Mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, ni wa kulipia huduma za hospitali. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147# au kwa mhudumu wa afya ya jamii. Sajili na watoto. Zahanati haiwezi kuudai mfuko malipo ya mtu asiyesajiliwa, na katika fedha hizo ndimo hutoka mshahara wa msafishaji na mafuta ya boti. Mtandao ukikatika kijijini, kazi ya kuingiza majina husubiri mpaka urudi, wakati mwingine usiku.

Rufaa na maji

Bara, rufaa ni kuita gari. Visiwani, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, yanapojaa na kupwa kupita kawaida, fuo nyingi hubaki tope na mizizi ya mikoko, na boti hukaa mbali. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, kwa miaka mingi ulipitika maji yakijaa tu. Miezi ya kusi, zaidi Juni na Julai, bahari ya nje huchafuka. Muuguzi wa Pate au Ndau hujua saa za maji kama nahodha, kwa sababu uamuzi wa kumpeleka mzazi hospitalini hauwezi kungoja mpaka hali iwe mbaya kabisa.

Chukua mama mwenye uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, na yanatakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Njia ya uzazi hupimwa kila saa 4 kuona imefunguka kiasi gani. Yote huchorwa kwenye chati. Chati iliyozoeleka ina mstari wa tahadhari, unaovukwa njia ikifunguka polepole kuliko kawaida, na mstari wa kuchukua hatua, vilivyoachana kwa saa 4. Hospitalini, penye chumba cha upasuaji, zile saa 4 zinaweza kutumika kumwangalia mama. Zahanatini rufaa huanza mstari wa tahadhari unapovukwa, na kisiwani mkunga mzoefu huangalia pia kama maji yatakuwepo saa mbili zijazo. Familia husema, "Mbona anahamishwa naye bado anatembea?" Ni kwa sababu bado anatembea. Akifikia hali ya kulala tu asiweze kutembea, huenda boti ikawa imekaa topeni.

Kifafa cha mimba hakingoji maji. Shinikizo la 140/90 na zaidi pamoja na protini kwenye mkojo ni onyo. 160/110, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au maumivu juu ya tumbo ni hatari ya saa hiyo. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti hutolewa hapo hapo zahanatini: gramu 4 kwenye mshipa polepole, na gramu 5 kwenye kila tako, jumla 14. Magnesiamu nyingi huja kwa nguvu ya asilimia 50, na ya kuingia mshipani lazima ipunguzwe: mililita 8 za dawa na 12 za maji ya sindano. Kosa la kupiga bila kupunguza huweza kusimamisha pumzi. Oksitosini, vipimo 10 msulini ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kutoka, huzuia kutokwa damu. Nayo hutaka nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa wiki kadhaa kwenye rafu yenye joto inaweza kuwa imepungua nguvu, na hilo huonekana wakati damu haikati.

Kabla ya kuondoka, mshipa hufunguliwa na kufungwa vizuri kwa plasta, kwa sababu ndani ya boti inayoruka mawimbi hakuna atakayeupata. Mama hulazwa kwa ubavu wa kushoto. Hospitali hupigiwa simu waandae chumba na damu, na ndugu wawili wenye afya huambatana waweze kutoa damu ikihitajika. Vifaa vya kuzalishia hupakiwa, kwani wengine huzaa njiani. Mjini Lamu, gati si mwisho wa safari: vijia vya mji wa kale havipitishi gari, kwa hiyo machela na watu wa kuibeba waitwe mapema. Fomu ya rufaa huandikwa saa ya kila dozi, ili hospitali isirudie magnesiamu kwa kutojua.

Na muuguzi hupanda boti naye. Kama yuko peke yake, zahanati hufungwa mpaka arudi, pengine kesho yake. Ukikuta kufuli saa tano mchana, muulize mlinzi kabla ya kulalamika kwa mwakilishi wa wadi. Kisha lalamika, lakini udai muuguzi wa pili.

Kinachokosekana mara nyingi ni jibu la rufaa. Hospitali humruhusu mama, naye hurudi kijijini na karatasi ikabaki mkobani. Ipelekwe zahanatini siku ile ile au kesho yake, pamoja na kijitabu cha mama na mtoto. Mle muuguzi husoma mama alipewa dawa gani na kwa siku ngapi, shinikizo lipimwe tena lini, mshono utolewe lini, na kama mtoto alichanjwa BCG au bado.